Wasichana wa Shibuya hawakuwa wamepotea

Kuna picha za zamani ambazo zinazunguka tena kwenye telefoni za vijana siku hizi. Zinaonyesha wasichana wa Tokyo wamesimama barabarani, karibu mwaka 2000. Nywele zao ni nyeupe kama pamba, zingine za rangi ya machungwa. Uso umepakwa rangi ya kahawia iliyoiva sana, lakini kuzunguka macho na kwenye midomo kumepakwa nyeupe. Kope ni za kubandika, chini ya macho kuna vitu vidogo vya kung'aa, sketi ni fupi, viatu vina soli nene kama tofali. Mtu wa kwanza kuziona anacheka. Wa pili anauliza kama ilikuwa siku ya maigizo. Wa tatu, mara nyingi ni mzazi, anatikisa kichwa na kusema: hao watoto walikuwa wamepotea.

Neno hilo ndilo wakubwa wa Japani wenyewe walilitumia wakati ule. Walikosea, na anayelirudilia leo anakosea tena. Wasichana hao waliitwa gyaru, neno ambalo Wajapani walilitoa katika Kiingereza, na maana yake ni msichana tu. Akili zao zilikuwa timamu. Walijua wanakataa nini, na walikataa kwa kitu pekee ambacho mwanafunzi wa miaka kumi na sita anakimiliki kweli: uso wake na nguo zake.

Ili mtu aelewe walichokataa, ni lazima kwanza ajue msichana wa Kijapani alitazamiwa awe nani. Kule Japani kuna methali ya zamani inayosema kwamba weupe wa ngozi unaficha kasoro saba. Mwanamke mzuri alikuwa yule mwenye ngozi nyeupe, nywele nyeusi zilizonyooka na sauti ya chini. Hata leo, jua likiwa kali, wanawake wengi wa Tokyo wanatembea na mwavuli na kufunika mikono kwa glovu ndefu. Shuleni mambo yaliandikwa kabisa katika sheria: urefu wa sketi, rangi ya soksi, rangi ya nywele. Mwanafunzi wa Congo aliyevaa nyeupe na bluu miaka yote ya sekondari, na aliyesimamishwa kwenye mlango wa shule juu ya nywele zake, hahitaji maelezo marefu.

Katikati ya miaka ya 1990, wanafunzi wa sekondari wa Tokyo walianza kukunja sketi za uniforme kiunoni, mara mbili, mara tatu, mpaka zikapanda juu ya magoti. Chini walivaa soksi nyeupe ndefu sana, zinazolegea na kujikunja kwenye kifundo cha mguu kama ngozi ya tembo. Ili zisianguke, walizishika na gundi maalum ya kupakwa mguuni. Jambo la kuchekesha ni kwamba hawakuitupa uniforme. Waliipenda, waliivaa hata siku isiyo ya masomo, lakini waliivaa kwa namna yao. Kwa mwalimu mkali hiyo ni mbaya kuliko kuitupa, kwa sababu inachukua alama ya utii na kuifanya mchezo.

Wakati huohuo mwimbaji Namie Amuro alikuwa akitawala redio na televisheni. Alikuwa mtoto wa Okinawa, kisiwa cha kusini kabisa, kilichobaki mikononi mwa Marekani baada ya vita mpaka mwaka 1972, na ambacho watu wa Tokyo wamezoea kukitazama kama pembeni ya inchi. Ngozi yake ilipigwa na jua, nyusi zake zilikuwa nyembamba, sketi fupi, buti ndefu za soli nene. Kufikia mwaka 1996 wasichana wanaomwiga walikuwa wengi hata wakapewa jina lao, Amura. Basi mtoto wa pembeni akawa kipimo cha uzuri wa mji mkuu. Jambo hilo peke yake lingetosha kuwaudhi wazee.

Makao yao yalikuwa Shibuya, mtaa wa Tokyo wenye kituo kikubwa cha treni, na ndani ya Shibuya jengo moja lenye umbo la mviringo linaloitwa 109. Lilifunguliwa mwaka 1979 na kundi la kampuni ya Tokyu, na jina lake ni mchezo wa maneno: kwa Kijapani «to» ni kumi na «kyu» ni tisa. Ghorofa juu ya ghorofa, lilijaa butiki ndogo za wasichana. Hapo ndipo kuna jambo ambalo wanaowacheka gyaru hawalijui. Wauzaji wa butiki hizo walikuwa wasichana wenyewe, wa miaka kumi na tisa ao ishirini. Walivaa nguo wanazouza, na wateja walikuja kununua sawasawa kile walichovaa, toka viatu mpaka hereni. Mnamo mwaka 1999 wauzaji wa butiki ya Egoist walikuwa mashuhuri kama wanamuziki, magazeti yakiandika juu yao. Wasichana ambao hawakuingia chuo chochote kikubwa walikuwa wanaambia viwanda ni kitu gani kitauzwa mwezi ujao, na viwanda vilisikiliza.

Gazeti lao, egg, lilianza mwaka 1995. Wapiga picha wake walishuka barabarani na kupiga wasichana wa kawaida, siyo warembo waliochaguliwa na mashirika. Mwaka huohuo zilitoka mashine za purikura, vibanda ambamo rafiki watatu wanajibana, wanapigwa picha na kupata vibandiko vidogo vya sura zao. Wasichana walijaza madaftari kwa vibandiko hivyo na kubadilishana. Miaka mingi kabla ya watu kujipiga picha kwa telefoni na kuzitupa mtandaoni, watoto hao walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba mtu anaweza kusimamia sura yake mwenyewe bila kungoja mpiga picha wa kiume amwambie ageuke upande gani.

Kisha, mwisho wa miaka ya 1990, mambo yakazidi. Kahawia ya jua ikawa nyeusi zaidi, kwa mashine za kuchoma ngozi na kwa poda. Mtindo huo ukaitwa ganguro, neno ambalo Wajapani wengi wanalisikia kama «uso mweusi». Waliozidisha kuliko wote walipewa jina la yamanba, yaani bibi kizee wa milimani katika hadithi za kale, mwenye nywele za kutisha, anayekula wasafiri wanaopotea njia. Lilikuwa tusi. Wasichana waliliokota tusi, wakalifupisha kuwa manba, na wakalivaa kama jina la heshima.

Matusi hayakuishia hapo. Televisheni zilituma kamera Shibuya kutafuta msichana ambaye hajaoga siku ngapi, na zikabuni neno la «gyaru mchafu». Magazeti ya wanaume yaliandika kuwahusu kama vile mtu anavyoandika juu ya wanyama. Mtafiti Sharon Kinsella, katika kitabu Bad Girls of Japan kilichotoka mwaka 2005, alionyesha jinsi maandishi hayo yalivyotumia lugha ya ubaguzi wa rangi: kabila, mbio za jamii iliyorudi nyuma, viumbe wa porini. Watoto wa Japani walitukanwa kwa maneno ambayo kwa kawaida yamewekwa kwa ajili ya watu weusi. Msomaji wa Congo ana haki ya kusimama hapo kidogo, kwa maana tusi hilo lilipita juu ya vichwa vya wasichana wa Tokyo na kumfikia yeye pia.

Na wakati kamera zinawakimbiza wasichana, Japani ilikuwa inapitia nini? Uchumi uliokuwa umevimba katika miaka ya 1980 ulipasuka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Novemba 1997 kampuni ya Yamaichi, moja kati ya kampuni kubwa nne za kuuza hisa, ilianguka baada ya kuficha hasara kwa miaka, na mkuu wake akalia mbele ya waandishi wa habari akiomba msamaha kwa ajili ya wafanyakazi wake. Baba waliokuwa wameahidiwa kazi mpaka uzee walirudi nyumbani bila kazi. Ile njia iliyohubiriwa, soma, tii, ingia kampuni kubwa, tulia, ilikuwa inavunjika mbele ya macho ya watoto. Wakubwa waliovunja uchumi walivaa suti safi na nywele nyeusi zilizochanwa vizuri. Lakini aliyeitwa mpotevu ni msichana wa miaka kumi na saba mwenye soksi zinazolegea.

Mkaaji wa Kinshasa ao Lubumbashi anaijua habari hii kwa sura nyingine. Mobutu alikataza suti na tai tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wanaume wakavaa abacost, mpaka alipolegeza mambo Aprili 1990. Katikati ya miaka hiyo Papa Wemba na vijana wake waliinua sape: mtu asiye na kazi, anayelala chumba kimoja na ndugu watano, anatoka barabarani akiwa amevaa chapa ya Paris. Waliochekwa kwamba wanavaa feza badala ya kula walikuwa wanajibu serikali bila kutoa hotuba. Na kuna uzi wa kweli kati ya Kinshasa na Tokyo ambao wengi hawautambui: wanasape wa Kinshasa wanawaheshimu sana washonaji wa Kijapani, Yohji Yamamoto na Issey Miyake. Jina la Yamamoto linatamkwa katika mitaa ya Kinshasa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Japani. Basi anayeinamisha kichwa kwa heshima mbele ya mwanasape lakini anamcheka gyaru, aeleze tofauti ni ipi, kama siyo kwamba mmoja ni mwanaume na mwingine ni msichana.

Lakini kuna swali moja gumu ambalo halifai kurukwa, na hilo ni swali la ngozi.

Baadhi ya watu wanaona ganguro na kusema: hii ni dharau, wamefanya weusi kuwa vazi. Wengine wanajibu kwamba wasichana hao hawakuwa na nia ya kuiga Mwafrika. Walikuwa wanavunja amri ya weupe ya mama zao, na rangi hiyo ilitoka zaidi kwenye pwani, kwa watelezaji wa mawimbi na kwa Amuro, kuliko kwa watu weusi. Jibu hilo lina ukweli mkubwa, ingawa pia walikuwepo vijana wa Japani waliojichoma ngozi kwa kupenda muziki wa rap wa Marekani. Hata hivyo jibu hilo halimalizi mambo. Msichana wa ganguro alifika nyumbani, akanawa uso, akalala akiwa Mjapani kama wengine. Siku ya kutafuta kazi ya benki alitia nywele nyeusi na mlango ukafunguka. Mwaka 2015 Ariana Miyamoto, aliyezaliwa Japani na mama Mjapani na baba Mmarekani mweusi, alichaguliwa kuwakilisha Japani katika Miss Universe. Wakaja watu kusema si Mjapani wa kutosha. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi alivyotengwa shuleni tangu utoto kwa sababu ya rangi yake. Rangi hiyo hainawiki jioni.

Kwa hiyo ukweli ni mambo mawili kwa pamoja. Kwa upande wa wasichana, kujitia weusi katika inchi inayoabudu weupe kulihitaji ujasiri, na walilipia kwa matusi. Kwa upande wa mtu aliyezaliwa na ngozi hiyo, ujasiri wa kuazima si sawa na maisha. Anayetaka kusifu mtindo huu asifiche jambo la pili, na anayetaka kuulaani asifiche la kwanza.

Congo nayo isijione hakimu hapa. Katika masoko ya Bukavu, Goma, Lubumbashi na Kinshasa, mafuta na sabuni za kuchubua ngozi zinauzwa mchana kweupe, zingine zikiwa na hidrokinoni ao zebaki ambayo Shirika la Afya Duniani linaonya juu yake. Mama anamwambia binti yake asikae juani. Kuna harusi ambako bibi-arusi anajichubua wiki nyingi kabla ya siku yenyewe, na hakuna jirani anayesema amepotea. Msichana wa Tokyo alipakwa weusi akaitwa mchafu; msichana wa Bukavu anachubuka uso mpaka unawaka, na anaambiwa amependeza. Wote wawili wameikuta methali ileile ya kasoro saba ikiwangoja, ila mmoja aliicheka.

Kuna pia giza ambalo wapenzi wa mtindo huu hawapendi kulitaja. Katika miaka ya 1990, jina la mwanafunzi mwenye soksi za kulegea lilifungwa pamoja na habari za wanaume wazima wanaolipa wasichana wadogo ili watoke nao. Jambo hilo lilikuwepo, na liliharibu watoto wa kweli. Lakini namna lilivyosimuliwa ni aibu. Kurasa na kurasa ziliandikwa juu ya msichana: sketi yake, tamaa yake ya mikoba ya Ulaya, malezi aliyokosa. Juu ya mwanaume mwenye mke na kazi ya ofisi, aliyetoa feza mfukoni, ziliandikwa kurasa chache. Msichana yeyote aliyevaa soksi hizo alitazamwa kwenye treni kama mtu anayeuzwa, hata kama alikuwa anaenda kwa nyanya yake. Hapa Congo namna hiyo ya kusimulia inajulikana vizuri sana: binti akishambuliwa, swali la kwanza ni alikuwa amevaa nini.

Waliosema wasichana hao hawatafaa kitu walishindwa pia na wakati. Wengi walikua, wakafanya kazi, wakazaa, na yakatoka hata magazeti ya mama gyaru, yenye kueleza jinsi ya kumnyonyesha mtoto bila kuondoa kucha zako. Mmoja wao, Shiho Fujita, anayejulikana kwa jina la Sifow, alifungua kampuni yake akiwa na miaka kumi na tisa. Mwaka 2009 alianza mradi wa kuwapeleka gyaru mashambani. Kilimo cha Japani kina shida ya wazee: vijana wameacha mashamba, na wenye kubaki wana nywele nyeupe za kweli. Fujita alikwenda katika jimbo la Akita, kaskazini, na wasichana wa Shibuya waliingia kwenye matope ya mpunga na kope zao za kubandika, wakapanda mchele uliouzwa kwa jina la Shibuya. Unaweza kusema ulikuwa ujanja wa kutafuta kamera. Ulikuwa hivyo kwa sehemu. Lakini mchele ulikuwa mchele, na kamera zilizokuja zamani kutafuta uchafu safari hii zilikuta matope ya kazi.

Mtindo huo ulivukaje bahari? Si kwa matangazo ya kampuni. Katika miaka ya 2000, wasichana wa Ulaya, Marekani na Amerika ya Kusini walianza kuona kurasa za egg na magazeti mengine zilizopigwa picha na kutupwa mtandaoni. Hawakujua kusoma Kijapani. Waliangalia picha, wakakuza picha, wakahesabu kope. Nguo za 109 hazikuuzwa kwao, kwa hiyo walitafuta mtu wa kati Tokyo wa kununua na kutuma kwa posta, ao walishona wenyewe. Waliunda vikundi kwa mfano wa vikundi vya Shibuya, ambako wasichana walikuwa na kiongozi, jina, na ngoma yao ya para-para, ile ya mikono mingi na miguu michache. Ngoma hiyo nayo ina safari yake: muziki wake wa kasi ulitengenezwa kwa sehemu kubwa katika studio za Italia, ukaliwa Tokyo, kisha ukarudi Ulaya kama kitu cha Kijapani. Katika maonyesho makubwa ya utamaduni wa Japani, kama Japan Expo karibu na Paris, vijana wa namna hiyo wanaweza kukutana na wenzao waliojuana kwa skrini tu.

Huko ugenini kulitokea jambo la ajabu. Mtindo uliozaliwa kwa kuvunja sheria ukapata sheria kali kuliko shule ya Tokyo. Msichana wa Uholanzi ao wa Brazili akiweka picha yake, wenzake walimchambua: kope zimekaa vibaya, nywele hazina ukubwa, wewe si gyaru. Kulikuwa hata na kurasa za siri ambako watu walitukanana bila majina. Kufuata picha bila kujua hasira iliyoizaa kunafanya mtu kuwa polisi wa kope. Hata sape inajua ugonjwa huo, pale kijana anapohesabiwa chapa za shati lake na hakuna anayekumbuka kwa nini wazee walianza.

Lakini si wote. Kati ya walioupokea vizuri zaidi kuna wasichana weusi wa Marekani na Ulaya. Hao hawakuhitaji poda ya kahawia. Walichukua nywele kubwa, kucha ndefu, sauti ya juu na ule ukatili mtamu wa kutoomba ruhusa, na wakaacha rangi ya uso peke yake. Kucha ndefu zenye mapambo na nywele za kuongezwa hazikuwa vitu vigeni kwao. Dada zao na mama zao walivijua saluni tangu zamani. Kwa kufanya hivyo walijibu lile swali gumu la ngozi vizuri kuliko makala yoyote: walionyesha ni kitu gani katika ganguro kilikuwa cha lazima na ni kitu gani hakikuwa.

Nyumbani Japani, mtindo ulipungua. Baada ya mwaka 2000 kahawia ilianza kufifia kidogo kidogo, gyaru weupe wakaongezeka, na mwaka 2014 egg likafungwa. Ganguro akawa kitu cha kuonyesha watalii. Shibuya ulifunguliwa hata mkahawa ambao wahudumu wake walipakwa hivyo. Kuna huzuni kidogo kumwona mwasi akileta chai kwa wageni wanaolipia picha. Kisha mwaka 2018 egg lilirudi, safari hii mtandaoni, mwaka uleule ambao Namie Amuro aliaga jukwaa. Mwaka 2022 katuni ya televisheni My Dress-Up Darling, yenye gyaru mkarimu na mpole kama mhusika wake mkubwa, ilipendwa mbali na Japani, na alama ya vidole viwili vilivyogeuzwa kuelekea mbele, kiganja juu, ilienea mpaka kwa waimbaji wa Korea. Kijana wa Goma anayeinua vidole hivyo kwenye picha pengine hajui vinatoka wapi. Hakuna ubaya.

Lakini katuni inasahaulisha gharama. Woga wa nywele za kahawia ambao gyaru waliuamsha haukuisha pamoja na viatu vyao. Shule nyingi za Japani ziliendelea kudai nywele nyeusi, na zingine zilimtaka mwanafunzi aliyezaliwa na nywele zisizo nyeusi alete cheti, ao picha ya utoto wake, kuthibitisha kwamba hakuzitia rangi. Mwaka 2017 mwanafunzi mmoja wa jimbo la Osaka alipeleka serikali ya jimbo mahakamani. Alisema nywele zake ni za kahawia tangu kuzaliwa, na kwamba shule ilimlazimisha kuzipaka nyeusi tena na tena mpaka ngozi ya kichwa ikaumia. Alipoacha kufika, shule iliondoa meza yake darasani na jina lake kwenye orodha. Februari 2021 mahakama iliamuru alipwe yeni 330,000 kwa ajili ya meza hiyo na jina hilo. Kuhusu sheria ya nywele yenyewe, mahakama ilisema shule ilikuwa na haki ya kuiweka.

Kuanzia Aprili 2022, shule za sekondari za umma za mji wa Tokyo ziliacha kulazimisha wanafunzi kupaka nywele zao nyeusi. Wasichana waliosimama Shibuya na nywele za machungwa mwaka 1998, wakiwa na miaka kumi na sita, walikuwa wametimiza miaka arobaini. Baadhi yao wana mabinti wanaosoma katika shule hizohizo.